Kusoma Kijapani kwa hadithi za watoto: ngano, vitabu vya picha, hadithi za waandishi au vitabu vya ngazi?

Ukishazijua hiragana, yaani herufi za msingi za Kijapani zinazoandika silabi, swali linalofuata ni moja: nisome nini sasa? Jibu linalokuja upesi ni "soma vitabu vya watoto, ni vyepesi". Ushauri huo umewavunja moyo wengi. Mtoto wa Kijapani wa miaka minne anayesomewa kitabu mapajani mwa mama yake tayari ana maelfu ya maneno aliyoyapata kwa sikio. Anachokosa ni kusoma. Mwanafunzi mtu mzima wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat yuko upande wa pili kabisa. Maandishi anaweza kuyakariri kwa bidii ya wiki chache, lakini lugha yenyewe bado hana. Kwa hiyo kitabu kilicho chepesi kwa mtoto yule kinaweza kumshinda huyu, na kile ambacho mtoto hakiwezi kwa sababu ya kanji, zile alama zenye asili ya Kichina ambazo kila moja ina maana yake, huyu akakimudu.

Hadithi za watoto ni njia nzuri mno ya kujifunza Kijapani, ila ziko za aina kadhaa, na kila aina inamfaa mtu tofauti. Hapa nalinganisha aina nne: ngano za kale (mukashibanashi), vitabu vya picha vya watoto wadogo (ehon), hadithi za watoto zilizotungwa na waandishi (dōwa), na vitabu vya ngazi vilivyoandikwa kwa ajili ya wageni wanaojifunza.

Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni maandishi. Je, ni hiragana tupu? Ni kanji zenye furigana, yaani hiragana ndogo za juu au kando zinazoonyesha jinsi kanji inavyosomwa? Au ni kanji peke yake? Shule ya msingi ya Japani hufundisha kanji 1,026 kwa miaka 6, na darasa la kwanza hupata 80 tu, kwa hiyo umri wa msomaji aliyekusudiwa hukuambia mengi kabla hata hujafungua kitabu.

Cha pili ni lugha: sarufi inayojitokeza humo, na kama maneno yake unaweza kuyatumia leo dukani na kazini. Cha tatu ni msaada unaotoka ndani ya hadithi yenyewe, yaani picha, marudio, na kukijua kisa tangu zamani. Cha nne ni upatikanaji, kwa sababu kitabu kizuri kilicho Tokyo hakimsaidii aliye Dodoma.

Aina zote nne zinahitaji uwe na msingi kidogo: hiragana 46, vitenzi vya *-masu*, yaani vya adabu, na umbo la *-te* linalounganisha vitenzi. Hakuna kati yake inayochukua nafasi ya kitabu cha sarufi.

Ngano za kale

Hizi ni hadithi ambazo kila Mjapani anazijua: Momotarō aliyezaliwa ndani ya pichi, Urashima Tarō aliyebebwa na kasa hadi jumba la chini ya bahari, Kaguya-hime aliyeonekana ndani ya mwanzi. Nyingi zilipata sura zinazojulikana nazo leo mwishoni mwa karne ya 19, hasa baada ya Iwaya Sazanami kuzichapisha kwa ajili ya watoto kati ya mwaka 1894 na 1896.

*Maandishi.* Inategemea toleo. Ya watoto wadogo ni hiragana yenye nafasi kati ya maneno. Ya wakubwa kidogo huwa na kanji na furigana. Ngano moja unaweza kuipata kwa viwango vitatu au vinne vya ugumu, na hiyo ni faida ambayo aina nyingine hazina.

*Lugha.* Hapa ndipo penye utajiri. Tazama mwanzo wa Momotarō: *Mukashi mukashi, aru tokoro ni, ojiisan to obaasan ga imashita. Ojiisan wa yama e shibakari ni, obaasan wa kawa e sentaku ni ikimashita.* Hapo zamani za kale, mahali fulani, palikuwa na babu na bibi. Babu akaenda mlimani kukata kuni, bibi akaenda mtoni kufua. Sentensi mbili tu, na tayari umeonyeshwa jambo linalowatesa wanafunzi miaka: tofauti ya *ga* na *wa*. Wanapotajwa mara ya kwanza, babu na bibi wanafuatwa na *ga*, maana ndio kwanza wanaingia. Wakishajulikana wanafuatwa na *wa*, kwa kuwa sasa tunasema habari zao. Kitabu cha sarufi kitakueleza hayo kwa kurasa kadhaa. Ngano inakufanya uyasikie. Umo pia muundo wa kwenda mahali kufanya jambo fulani, ambao utauhitaji kila siku ya maisha yako katika lugha hiyo.

Kisha yanakuja marudio. Momotarō akiwa njiani kwenda kisiwa cha mazimwi anakutana na mbwa, halafu nyani, halafu ndege wa jamii ya kwale aitwaye kiji. Kila mmoja anauliza unakwenda wapi, anauliza umefunga nini kiunoni, anaomba tonge moja la kibidango, na anaahidi kufuatana naye. Mazungumzo ni yaleyale mara tatu. Kwa mbwa unasoma kwa shida, kwa nyani unaanza kukumbuka, kwa kiji unasoma mbele ya macho yako. Sijaona zoezi la darasani linalofanya kazi hiyo vizuri hivyo bila kuchosha.

Kuna upande wa tahadhari. Wazee wa ngano husema *washi* badala ya *watashi*, hufunga sentensi kwa *ja* pale ambapo leo husemwa *da* au *desu*, na msimulizi hupenda kumalizia kwa *to sa*, yaani "ndivyo wasemavyo". *Shibakari*, kukata kuni, hutalisikia kazini Osaka. Yaelewe maneno hayo, yafurahie, lakini usiende nayo kwenye usaili.

*Msaada wa ndani.* Kwa msomaji wa Kiswahili kuna hazina ambayo hatuambiwi. Ngano ya Kijapani ya yavuyavu asiye na mifupa inasimulia jinsi kasa alivyotumwa kumleta nyani baharini ili ini lake liwe dawa ya mgonjwa katika jumba la mfalme wa bahari. Katika masimulizi mengi yavuyavu anaitoa siri, na nyani anajibu papo hapo: laiti ningejua, ini langu nimeliacha mtini, turudi nikalichukue. Hicho ni kisa chetu cha Kima na Papa, kilichoandikwa Zanzibar na kuchapwa na Edward Steere mwaka 1870 ndani ya kisa cha Punda wa Dobi, ila kwetu kilichoachwa mtini ni moyo. Hadithi zote mbili zina asili moja ya kale huko India, na moja ilivuka bahari kwenda mashariki, nyingine magharibi. Ukianza na ngano hiyo kazi yako ni nusu, kwa kuwa unajua nani anamdanganya nani na akili yako yote inabaki kwenye lugha. Hali ni hiyo pia kwa sungura wa Inaba, aliyewapanga wanyama wa baharini kwenye mstari akidai anawahesabu, kumbe anavuka juu ya migongo yao. Kisa hicho kimo katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712, na anayemjua sungura wetu hatapotea.

*Upatikanaji.* Mzuri. Ngano hazina mwenyewe, kwa hiyo matoleo ya bure ni mengi mtandaoni, pamoja na video zinazosomwa kwa sauti.

*Inamfaa nani.* Aliyepita hatua za mwanzo kabisa, anayependa kusoma kwa sauti, na anayetaka kuelewa mambo ambayo Wajapani hutaja bila kufafanua. *Tamatebako*, sanduku ambalo Urashima alikatazwa kulifungua, hutajwa katika mazungumzo ya watu wazima kama sisi tunavyotaja sizitaki mbichi hizi.

Vitabu vya picha

*Maandishi.* Hiragana tupu, na maneno yametenganishwa kwa nafasi, jambo lisilofanywa katika Kijapani cha kawaida. Linaonekana kama zawadi, na mwanzoni ni zawadi kweli. Lakini hiragana bila kanji huficha maana. *Kami* inaweza kuwa karatasi, nywele au mungu. *Hashi* inaweza kuwa daraja au vijiti vya kulia. Mtoto anajua ni ipi kwa kuwa analijua neno, wewe utakisia. Ukishajua kanji mia mbili au tatu utaona ajabu kwamba ukurasa wenye kanji unasomeka upesi kuliko wa hiragana tupu.

*Lugha.* Ni ya kuzungumza, ya nyumbani, na haifuati kitabu cha sarufi. Ulifundishwa *tabete shimatta*, amekwisha kula. Hapa utakuta *tabechatta*. Yapo maneno ya watoto wachanga kama *wanwan* kwa mbwa, ambayo mtu mzima hayahitaji sana.

Halafu kuna tanakali za sauti, na hapa Mswahili amependelewa. Lugha nyingi zinazosomwa shuleni hazina utajiri wa aina hiyo, ila Kiswahili kinao: nyeupe pe, giza totoro, anguka pu, kimya ji. Kijapani kinayo maelfu. Kimya ji ni *shiin*. Tabasamu ni *niko niko*, njaa ni *peko peko*, kitu kinachobingirika ni *goro goro*. Tusidhani ni utoto: mtu mzima akiwa kwa daktari anaeleza maumivu yanayopiga kwa kusema *zuki zuki*. Kamusi huyaeleza vibaya; kitabu cha picha hukuonyesha mtoto anaruka *pyon pyon* na yamekwisha.

*Msaada wa ndani.* Picha ni nusu ya hadithi, na sentensi ni fupi.

*Upatikanaji.* Hapa ndipo pagumu. Vilivyo bora ni vya waandishi wa karne iliyopita na hii, hakimiliki bado zipo, na nakala huuzwa. Kuagiza kutoka Japani hadi Afrika Mashariki gharama ya posta yaweza kuipita bei ya kitabu chenyewe. Aliye na ndugu anayerudi kutoka huko amwombe amletee viwili vitatu, ni vyembamba.

*Inamfaa nani.* Mzazi kwanza kabisa. Kama unaishi Japani na mwanao yuko chekechea, au mwenzi wako ni Mjapani, hakuna njia bora: unasoma na mtoto, na mtoto anakusahihisha. Kinamfaa pia mwenye sikio zuri na macho mazito, anayetaka kuzoea hiragana hadi zisimkwaze. Kwa mtu anayesoma peke yake chumbani kwa ajili ya mtihani, sidhani pesa zake zitakuwa zimepata kazi nzuri hapa.

Hadithi za waandishi

Mwaka 1918 Suzuki Miekichi alianzisha jarida la watoto liitwalo Akai Tori, Ndege Mwekundu, akitaka watoto wa Japani wapate fasihi ya kweli. Akutagawa Ryūnosuke aliandika katika toleo la kwanza. Mwaka 1932 kijana wa miaka 18, Niimi Nankichi, alichapisha humo kisa cha mbweha mdogo Gon, anayeiba mkunga wa mtu maskini, akajuta, kisha akawa anampelekea uyoga na vyakula vya msituni kwa siri. Watoto wa darasa la nne wa Japani wamekisoma kizazi baada ya kizazi, na wazee wao wakikumbushwa bado hunyamaza kidogo.

*Maandishi.* Kanji zipo, furigana zipo mara nyingi lakini si daima. Jihadhari na jambo moja: tahajia ya Kijapani ilirekebishwa mwaka 1946, na kabla ya hapo *kyō*, leo, iliandikwa kama *kefu*. Maktaba ya mtandaoni Aozora Bunko huweka alama kwenye kila matini. Tafuta iliyoandikwa 新字新仮名, maana yake kanji na tahajia za sasa. Ukiona 旧字旧仮名, iache kwanza.

*Lugha.* Ngumu kuliko zote hapa, na nzuri kuliko zote. Sentensi ni ndefu, mandhari yanaelezwa kwa uangalifu, na vitu vya maisha ya kale ya kijijini vinahitaji kamusi. Lakini hapa Kijapani kinaanza kukugusa. Tofauti kati ya mwandishi na mwandishi ni kubwa. Kisa cha Nankichi cha mtoto wa mbweha anayekwenda mjini kununua glovu wakati wa theluji kimejaa maongezi ya mama na mwana, na ningeanza na hicho. Hadithi ya Miyazawa Kenji ya mwaka 1924 kuhusu wawindaji wawili na mkahawa wa ajabu ina milango yenye matangazo kwa wateja, yote kwa lugha ya heshima inayotumika madukani na hotelini hadi leo. Anayesumbuliwa na *keigo*, ndiyo hiyo lugha ya heshima, atafaidika nayo huku moyo ukimdunda.

*Msaada wa ndani.* Mdogo. Matini ya mtandaoni haina picha, na visa hivi hutavijua kabla.

*Upatikanaji.* Bora kuliko yote. Aozora Bunko, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kuendeshwa kwa kazi ya wanaojitolea, hutoa bure kazi ambazo hakimiliki zake zimekwisha. Ni maandishi matupu, hayali bando, na simu ya kawaida inatosha.

*Inamfaa nani.* Aliyefika karibu na N3, ngazi ya kati ya mtihani wa Kijapani wa JLPT unaoanza N5 na kuishia N1, mwenye subira, anayesoma kwa sababu anapenda fasihi. Anayeanza ataziona chungu, na ni hasara, kwa sababu akikata tamaa nazo mapema huenda asizirudie.

Vitabu vya ngazi

*Maandishi.* Kanji karibu zote zina furigana, herufi ni kubwa.

*Lugha.* Imepimwa. Ngazi za chini hujengwa juu ya maneno yapatayo 350, kisha hupanda polepole. Kijapani chake ni cha leo na ni safi, utakitumia kama kilivyo. Kinachopotea ni ladha: ngano ikishapunguzwa hadi maneno 350, mzee haongei tena kama mzee.

*Msaada wa ndani.* Picha nyingi, mara nyingi na sauti. Baadhi ni ngano zilezile za kale zilizoandikwa upya.

*Upatikanaji.* Vilivyochapwa vinauzwa, lakini asasi isiyo ya kibiashara ya Japani, NPO Tadoku Supporters, ina vitabu vingi vya bure katika tovuti yake, vikiwemo vya ngazi ya 0. Inafundisha pia namna ya kuvisoma: anza na chepesi, usifungue kamusi, ruka usichoelewa, na kitabu kikikushinda chukua kingine. Kwa sisi tuliolelewa kutafuta kila neno gumu na kuliandika daftarini, sharti la kamusi ni gumu kulishika. Lijaribu kwa uaminifu kabla ya kulikataa.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, anayesoma bila mwalimu, na mwenye saa chache kwa wiki.

Ngano za Ulaya zilizotafsiriwa kwa Kijapani nazo zipo tele, na kwa kuwa kisa unakijua zinasaidia kama Kima na Papa anavyosaidia. Nazitaja tu kwa wanaozipenda tangu utotoni.

Uchague kulingana na hali yako

Kama umemaliza hiragana juzi na maneno yako ni machache, anza na vitabu vya ngazi, ngazi ya 0 hadi 1, na uwe na ngano moja fupi ya kusoma kwa sauti kila siku ili ulimi uzoee. Vokali zao tano ni kama zetu, silabi nyingi huishia kwa vokali, kwa hiyo kusoma kwa sauti kutakupa furaha mapema kuliko unavyotarajia.

Kama una N5 au N4 na kitabu cha darasani kimekuchosha, ngano ndiyo mahali pako. Kama unalenga mtihani wa JLPT, ngano itakuongezea kasi, ila matini za mtihani ni za mambo ya leo: matangazo, barua, maoni. Usiache vitabu vya ngazi vyenye habari za maisha ya kawaida.

Kama unaongoza watalii Serengeti au Maasai Mara, jifunze kuzungumza kwa njia nyingine, halafu uijue Momotarō vizuri. Mgeni wako ataijua, na safari ndani ya gari ni ndefu.

Kama umepata ufadhili wa kwenda chuo kikuu Japani, fika kwenye hadithi za waandishi kabla ya kuondoka. Maprofesa hawatatumia lugha ya ngazi ya 2.

Kama unaagiza magari na unachotaka ni kuelewa karatasi ya mnada, hakuna kati ya hivi kitakachokusaidia kwa haraka. Jifunze katakana, herufi zinazoandika maneno ya kigeni, na kanji chache za hali ya gari: mkwaruzo, kutu, kutengenezwa.

Na kama uliwahi kuanza ukaacha, tafuta ngano ya nyani na ini lake katika toleo jepesi kuliko yote utakayoona. Isome bila kamusi hadi mwisho. Wiki inayofuata tafuta toleo refu zaidi la ngano hiyohiyo, lenye kanji na furigana, ulisome na kamusi kando, ukiandika maneno machache tu yale yanayojirudia. Ukimaliza, nenda kwa sungura wa Inaba kwa utaratibu uleule.